Makaroni na jibini si chakula cha kuacha jikoni kutwa

Chungu cha umeme cha kupika taratibu kinasifiwa kwa supu ya kongoro na nyama ngumu, vitu vinavyotaka kutwa nzima. Makaroni hayamo katika kundi hilo. Yakiwa mabichi, huiva ndani ya maziwa kwa saa 2 hivi kwenye moto mdogo. Ukiyawasha asubuhi ukaenda kazini, jioni utakuta bonge lililovurugika, pembeni limegandia, juu linaelea mafuta.

Kwa chungu cha lita 5 au 6, paka siagi ndani, kisha tia makaroni mabichi gramu 450, maziwa yasiyopunguzwa mafuta mililita 600, maziwa ya kopo yasiyo na sukari mililita 350, siagi gramu 50, haradali ya unga nusu kijiko cha chai na pilipili manga. Makaroni yote yazame. Chumvi ngoja kwanza, jibini lina yake. Baada ya nusu saa koroga hadi chini, maana hapo ndipo yanaposhikana, kisha rudia kila nusu saa na ufunike upesi. Baada ya saa moja na nusu tangu kuwasha anza kuonja, kwani vyungu havilingani nguvu. Yakibaki na ugumu kidogo katikati, moto umetosha.

Sasa ndipo jibini linaingia, si mwanzoni. Hapa sikubaliani na mapishi mengi yanayotia kila kitu kwa pamoja. Jibini likikaa muda mrefu kwenye joto kali, protini zake hujikaza na kuyaachia mafuta. Ndiyo ile chengachenga unayoisikia ulimini. Hamisha swichi kwenye kuhifadhi joto, tia jibini la cheda gramu 300 kwa mafungu matatu, ukikoroga kila fungu liyeyuke. Nunua kipande, ukikwaruze mwenyewe. Lile la pakiti lililokwishakwaruzwa hupakwa wanga au selulosi (unga wa nyuzi za mimea) lisishikane, na mchuzi wake hauwi laini. Cheda iliyokomaa sana ina ladha nzuri lakini hukatika upesi, yaani mafuta yake hujitenga. Ichanganye nusu kwa nusu na cheda changa.

Ongeza pia vipande 4 vya jibini la kusindikwa, lile la kuwekwa kwenye baga. Wapishi wengi hulidharau, nami nalitetea: lina chumvi maalumu, mara nyingi za sitreti au fosfeti, zinazoyafunga mafuta na maji yasiachane. Maziwa ya kopo nayo husaidia kwa sababu yamepunguzwa maji, hivyo protini yake ni nyingi. Mayai, ambayo baadhi ya wapishi wa kusini mwa Marekani huyapenda, yaacheni kwa makaroni ya kuoka. Kwenye chungu hiki huganda kwanza ubavuni, penye joto zaidi, yakaacha madonge meupe.

Mchuzi ukionekana mwepesi, usiongeze jibini. Zima, funua, subiri dakika 10. Wanga wa makaroni utauzidisha uzito. Wageni wakichelewa, tandika kitambaa safi chini ya kifuniko kinyonye matone ya mvuke, na kila unapoona mchuzi umekauka tia maziwa ya moto robo kikombe. Zaidi ya saa 1 hivi, makaroni yataendelea kulainika hata ufanyeje.