Hewa iliyonaswa si rika moja na barafu
Makala moja niliyoisoma imeeleza vizuri jinsi barafu iliyochimbwa Dome C, Antaktika, inavyohifadhi kumbukumbu ya tabianchi ya miaka 800,000, lakini imekosea iliposema kwamba viputo vya hewa vina umri sawa na barafu inayovizunguka. Theluji ikianguka huko haigeuki barafu papo hapo. Hubaki na matundu yanayopitisha hewa hadi inapogandamizwa kwenye kina cha takriban mita 100, na kwa kuwa theluji ya mahali hapo ni haba mno (kwa kweli ni jangwa), hewa inayonaswa huwa changa kuliko barafu kwa maelfu ya miaka. Jambo hili si dogo. Halijoto ya kale husomwa katika barafu yenyewe, kwa kupima uwiano wa hidrojeni nzito na nyepesi, ilhali hewa ukaa hupimwa katika viputo. Kwa hiyo anayetaka kujua kipi kilitangulia kupanda, joto au hewa ukaa, hana budi kwanza kurekebisha tofauti hiyo ya umri, na hapo ndipo watafiti wamebishana kwa miaka mingi.