Rangi huonyesha kazi ya seli, si ukoo wake

Kuna neno moja linalonikera kila ninaposoma habari za saratani adimu za ngozi: asili. Kipande cha uvimbe kimetiwa rangi maabara, alama ya kahawia imetokea, basi watu wanatangaza kwamba asili yake imejulikana. Asili ipi?

Chukua saratani ya seli za Merkel, mojawapo ya saratani hizo adimu, iliyopewa jina la seli za ngozi zinazohisi mguso. Hukua kwa kasi, na huwapata zaidi wazee, sehemu zilizopigwa na jua kwa miaka mingi. Kwenye slaidi iliyotiwa himatoksilini na eosini, rangi mbili za kila siku za maabara, utaona seli ndogo za duara zenye viini vya buluu, na si zaidi. Saratani ya mapafu ya seli ndogo, ikisambaa hadi kwenye ngozi, hufanana nayo kama shilingi kwa ya pili. Hata limfoma, saratani ya seli za limfu, inaweza kukuhadaa hapo.

Ndipo zinapohitajika kingamwili. Kila moja hutafuta protini yake, na pale inaponasa, kimeng'enya huacha rangi ya kahawia. Katika saratani ya Merkel, protini iitwayo sitokeratini 20 mara nyingi hukusanyika kama kitone kando ya kiini. Saratani ile ya mapafu kwa kawaida haina kitone hicho, ila mara nyingi ina protini ya TTF-1. Nimesema "mara nyingi" makusudi: upo uvimbe wa Merkel usio na sitokeratini 20 kabisa, na anayetegemea rangi moja atapotea. Hupimwa alama kadhaa kwa pamoja, kisha mapafu nayo yakapigwa picha.

Kwa hiyo ukiuliza uvimbe umeanzia kiungo gani, rangi husaidia sana, na jibu lake hubadilisha matibabu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye swali la pili: ni seli gani iliyoasi? Cyril Toker alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1972, aliupa jina kutokana na jinsi seli zilivyojipanga. Jina la Merkel, mwanaanatomia Mjerumani, liliingizwa baadaye, kwa sababu seli za uvimbe zilifanana na zile alizozieleza mwaka 1875. Kufanana tu! Seli za Merkel zilizokomaa hazielekei kugawanyika, na hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, ilhali uvimbe kwa kawaida huota ndani zaidi. Tena uvimbe huohuo mara nyingi hushika rangi ya PAX5 na TdT, protini za seli changa za damu za aina ya B. Kama rangi ingekuwa ushahidi wa uzazi, uvimbe huu ungekuwa na mama wawili.

Mwaka 2008 timu ya Yuan Chang na Patrick Moore, walewale waliogundua virusi vya saratani ya Kaposi, ilikuta virusi vya polioma ndani ya uvimbe mwingi wa Merkel. Usiokuwa na virusi hivyo mara nyingi umejaa makovu ya jua kwenye DNA yake. Njia mbili tofauti, na huenda hata seli mbili tofauti, lakini kitone cha kahawia ni kilekile.

Ndiyo maana ningependa ripoti ziandike "seli zinafanana na za Merkel", kisha neno asili liachwe kwa kiungo ambako uvimbe ulianzia.