Chembe nyekundu haina mitokondria, mpwa wangu

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma baiolojia. Juzi kaja kwangu na desa la chembe hai lililotolewa kopi juu ya kopi, mpaka mchoro wa kiini unafanana na chapati iliyoungua. Nikamtania: mitokondria ni nini? "Kiwanda cha nishati," kajibu bila kupepesa. Safi. Sasa chembe nyekundu ya damu ikishakomaa haina mitokondria hata moja. Nishati inapata wapi?

Akakuna kichwa. "Mjomba, hiyo inatoka kwenye UE, mtihani wa chuo?"

Hasira zikanipanda, ila si kwake yeye. Jibu analo mwenyewe kwenye desa: glaikolisisi, kuvunja glukosi bila oksijeni. Chembe ile inabeba oksijeni bila kuitumia, kama kuli wa bandarini anayebeba magunia ya mchele na hatafuni hata punje. Hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa wa mitokondria na ule wa glaikolisisi zinajuana.

Nikafungua penye selimundu. Mstari mmoja: "mabadiliko ya jini, alama 2." Alama mbili! Nani darasani hana ndugu au jirani mwenye selimundu? Herufi moja ya DNA inabadilika, asidi ya glutamiki inaipisha valini katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, basi. Oksijeni ikipungua, hemoglobini inashikana nyuzi nyuzi na chembe inajikunja kama mundu. Ilikuwa iishi siku kama 120; mwezi haiumalizi. Na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa damu za watu wa huku huku kwetu, kwamba mwenye jini moja tu la ugonjwa huo ana kinga dhidi ya malaria kali. Somo zima la chembe hai ungeweza kulifundishia hapo.

Najua, najua. Wanafunzi mia tatu, hadubini kumi na mbili, nusu yake lenzi zina ukungu. Na majina lazima yakaririwe, haya, nimekubali.

Lakini mimi praktiko ya mzizi wa kitunguu nilichungulia sekunde kumi, nikaona kope zangu, nikachora mitosisi, yaani chembe ikigawanyika, ile ya kitabuni. Nikapewa nane juu ya kumi. Mwaka wa tatu ndipo nilipoziona kromosomu zenyewe, zimejipanga katikati kama watoto wa mstarini asubuhi. Nilipiga ukelele, mtunza maabara akaja mbio akidhani nimevunja kitu.