Mashine Nne, Fundi Mmoja

Wauzaji wa programu za kupanga kazi viwandani wana mazoea ya kuhesabu mashine kwanza. Una mashine nne za kuchapa za ofseti? Basi kazi nne ziende sambamba. Nani atafunga pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa), nani ataosha rola, hilo huachiwa msimamizi wa zamu. Naona wanaanzia mkiani.

Chukua kiwanda kidogo cha uchapaji chenye mashine mbili na fundi mmoja. Kalenda zinamtaka fundi dakika 30: afunge pleti, alinganishe rangi, apitishe karatasi za majaribio. Akishamaliza, msaidizi anabaki kulisha karatasi na mashine inachapa dakika 10. Vipeperushi vinamtaka fundi dakika 10 tu, ila mashine itachapa saa nzima. Akianza na kalenda, kazi zote mbili zinakwisha dakika ya 100. Akianza na vipeperushi, dakika ya 70! Nusu saa imeokolewa bila kununua hata skrubu. Tangulia na kazi ambayo mashine itakaa nayo muda mrefu, basi.

Kazi zikifika kumi, hesabu ya kichwani inagoma. Foleni ya fundi mmoja tu inaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na hapo hujagusa rangi. Mafundi hupenda kuanza na njano na kumalizia na nyeusi, maana ukitoka nyeusi kwenda njano utaosha rola mpaka mikono iume. Hapa ndipo algoridhimu za utafutaji, yaani hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, zinapofaa. Nyingi huanza na mpangilio wowote, zikabadilisha nafasi za kazi mbili, zikapiga hesabu upya, zikashika ulio na nafuu. Mbinu waliyoichapisha mwanafizikia Scott Kirkpatrick na wenzake mwaka 1983 hukubali hata mpangilio mbaya mara mojamoja, hasa mwanzoni, isije ikanasa kwenye nafuu ndogo. Naipenda sana hiyo.

Ila algoridhimu hutafuta kile ulichoiagiza. Ukiandika “mafundi 3”, itadhani wote wanafanana, kumbe mmoja hajawahi kushika mashine ya rangi nne, na mwingine Ijumaa adhuhuri yuko msikitini. Ukiagiza ifupishe muda tu, itabana kila dakika, halafu pleti moja ikipasuka ratiba nzima inavurugika. Wala usidhani kuongeza nguvu ndiyo dawa: mwanahisabati Ronald Graham alionyesha mwaka 1966 kwamba kwa orodha ileile ya kazi, baadhi zikiwa lazima zisubiri nyingine, kuongeza mashine kunaweza kuchelewesha kumaliza.

Mimi ningechukua ratiba inayochelewa robo saa lakini inamwachia fundi nafasi kati ya matayarisho ya kazi moja na nyingine. Muuzaji akija na michoro yake ya rangi rangi, mwambie aweke pembeni ratiba ya mashine, akuonyeshe ya fundi, saa kwa saa, na chakula cha mchana kikiwemo.