Mwaka mmoja VA si hasara
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema nesi aliyefuzu kuandika dawa za afya ya akili asikubali mwaka wa mafunzo VA, hospitali za maveterani Marekani, maana posho ni ndogo kuliko mshahara kamili. Kwenye pesa simbishii. Lakini kliniki nyingine za binafsi zinakuachia mapema mzee anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, ambaye figo zimeanza kuchoka, na wa kumuuliza hayupo. Kwenye mafunzo mnapitia vipimo vya damu na msimamizi kabla hujagusa dozi. Ukishaajiriwa huko VA, kanuni yao ya 2016 inaruhusu ufanye kazi bila daktari juu yako hata kama jimbo halitaki (dawa za kudhibitiwa, kama zile zenye uraibu, ni habari nyingine). Ila ulizeni mapema kama ajira ipo baadaye; kuhama na watoto si mchezo.