Baridi ya ndege ya usiku haina njama

"Wahudumu wa ndege wanatugandisha makusudi ili tulale, tusiwasumbue." Kauli hiyo haikosekani watu wakisimuliana safari ndefu za usiku, kama ile ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018, ambayo humweka mtu kitini saa 15 hivi. Wanaoisema hawazushi baridi. Mwili usiochezeshwa hutoa joto kidogo, na kuelekea alfajiri joto la ndani ya mwili hushuka lenyewe. Wa dirishani ndiye anayeumia hasa: nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri, na miguu yake inagusa ukuta. Mpe bibi wa miaka 70 kile kiblanketi chepesi kama kanga, kisha umwambie hakuna baridi!

Ila njama siioni. Mhudumu hana kitufe cha kiti chako; joto hupangwa kwa sehemu nzima ya ndege, na katika sehemu hiyo kuna anayetetemeka na anayetoka jasho. Anayetetemeka ataongeza sweta. Anayetoka jasho, akishavua koti, avue nini tena mbele za watu?

Kuna takwimu moja hainitoki kichwani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulichambua dharura 11,920 za kiafya angani. Kuzirai, au kukaribia kuzirai, kulichukua zaidi ya asilimia 37. Dalili za moyo, ambazo ndizo tunazoziogopa, hazikufika 8. Utafiti haukusema chanzo ni joto, nami siupachiki neno hilo. Lakini tazama mwili ulivyo saa ya tisa usiku. Hewa ya ndani ya Boeing 787 ni nyepesi kama ya mita 1,800 hivi, yaani Nairobi yenyewe. Kwenye ndege nyingine hufika 2,400, na hapo mtu wa Mombasa amekwishapandishwa mlima bila kuaga. Damu imetuama miguuni. Pandisha joto: mishipa ya ngozi inatanuka, presha inashuka. Kisha mtu huyo anainuka ghafla kwenda msalani. Afadhali atetemeke.

Lawama ninayoikubali ni ya blanketi. Shirika linaloamua kupoza ndege usiku kucha halina udhuru wa kugawa kitambaa kisichofika vidoleni. Mimi hubeba soksi nzito na kikoi, na dirishani sikai tena.