Ulienda na nani?

Jumatatu nilirudi kazini na mkoba wa ukili nilioununua Lamu, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeulizwa swali hilo mara sita. Ulienda na nani? Hakuna aliyetaka kujua niliona nini wala nilikula nini. Nilipojibu kwamba nilikwenda peke yangu, mmoja alinyamaza, mwingine akacheka kana kwamba nimeficha jina la mtu. Dada mmoja ninayemheshimu sana alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanamke hasafiri hivyo." Siku nne zimepita na neno hilo bado linaniuma.

Semina yetu ya Mombasa iliisha Alhamisi badala ya Ijumaa. Wenzangu wakakata tiketi za treni ya kurudi Nairobi. Mimi nilikuwa napita Mwembe Tayari nikasikia makanga akiita abiria wa Lamu, basi la alfajiri, nikalipa papo hapo. Sikuwa na chumba, sikumjua mtu hata mmoja kule, na begi langu lilikuwa na nguo za ofisini tu. Ni zaidi ya kilomita 300: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe ambako barabara inakwisha na unapanda boti.

Kuhusu barabara ile sitawaficha. Imewahi kumwaga damu, na vizuizi vya polisi havikuachi usahau. Anayesema uulize hali ya usalama kabla ya kupanda basi amesema kweli, nami niliuliza. Na gatini wapo vijana wanaokufuata wakikuita mpaka unachoka. Hayo nayakubali. Lakini wenzangu hawakuzungumzia barabara wala gati. Walichokiona kibaya ni upweke wenyewe, kwamba mtu mzima, mwenye akili zake na mshahara wake, ameonekana ugenini bila mwenziwe.

Basi nataka kuzungumza juu ya madaka.

Mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kila anayerudi kutoka huko anakuonyesha picha za milango na punda. Mimi sikuwahi kuambiwa habari za daka. Nyumba ya mawe ya zamani haikupokei moja kwa moja kutoka njiani. Kabla ya mlango kuna daka, kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta, kina viti vya mawe huku na huku, na adhuhuri ya jua kali bado pana ubaridi. Nyuma ya mlango ndiyo siri ya nyumba, vyumba vimefuatana kimoja baada ya kingine hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye vyombo vya bibi. Daka ni la mtu ambaye bado si wa ndani. Hebu fikirini: njia ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija unajibana ukutani, mawe ya matumbawe yanachongwa kwa jasho, na bado fundi alikata kipande cha nyumba akampa mpita njia. Watu wa majahazi walijua walichokifanya. Kuna mtu ataletwa na upepo wa kaskazi, atashuka pwani hana jamaa, na itabidi angoje miezi mpaka upepo wa kusi umrudishe kwao. Aketi wapi?

Ijumaa alasiri mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitoka uwanja wa Mkunguni, pale mbele ya ile ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, nikaingia vichochoroni Mkomani na baada ya kona tano sikujua nilikotoka. Nikaanza kutembea haraka, kama afanyavyo mtu anayetaka aonekane anajua anakokwenda. Bibi mmoja alikuwa ameketi dakani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanitazama viatu, akasema, "Ndoo," yaani njoo kwa Kiamu. Neno hilo nilikuwa nimelisoma katika mashairi ya zamani tu, sikuwahi kuitwa nalo.

Niliketi kiti cha pili. Akaniuliza, "Umekuja na nani, mwanangu?"

Swali lile lile! Nikajikaza nikajibu, "Peke yangu, bibi." Hakucheka wala hakunitazama kidole kutafuta pete. Aliita ndani maji yaletwe, kisha akaniuliza nimelala wapi, nimekula nini, na kama mama yangu anajua niliko. Aliniuliza nimekuja na nani ili ajue kama kuna mtu wa kunitunza, na aliposikia hayupo, akaishika kazi hiyo yeye mwenyewe mpaka adhana ya magharibi. Akanifundisha kwamba njia zile ndogo zinateremka kuelekea baharini pamoja na maji ya mvua, kwa hiyo nikipotea tena nishuke tu. Hata hivyo akamtoa mjukuu wake anisindikize.

Ningekuwa na wenzangu wanne tungepita pale tukicheka na kupigana picha, na bibi yule angeinamia mchele wake. Kundi halina nafasi ya kuketishwa. Husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nauliza ni mgeni gani atakayeingia kwenye methali hiyo akiwa amejizungushia watu wake pande zote.

Dada yangu wa ofisini, nakuheshimu na nitaendelea kukuheshimu. Lakini ukiniuliza tena nilienda na nani, tafadhali baki hapo mezani kwangu dakika kumi unisikilize, maana Desemba nataka kuvuka mpaka kisiwa cha Pate, na kule nako simjui mtu.